Kidonge cha Kumkumbusha Baba Mdogo

9 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za mwaka mpya, ingawa mimi upya wake bado sijauona. Ni mzima, isipokuwa mguu wa kushoto ambao umechoka kusimama mbele ya pasi. Duka linakwenda. Mashine kubwa ya kufulia imetengenezwa tena na fundi yule yule aliyeiharibu, kwa hiyo sasa inafua na kunguruma. Mwambie mwanao wa mwisho kwamba jino lake nimelipata ndani ya bahasha, nashukuru sana, lakini mengine yakianza kung'oka ayaweke huko huko.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Baba mdogo yuko kwangu. Usiikunje barua, soma mpaka mwisho.

Binti yake amemleta na mabegi mawili na redio. Amepata kazi ng'ambo, hawezi kumbeba. Mzee anasahau, na si kusahau kwa kawaida kwa mtu aliyekula chumvi nyingi. Anavaa shati juu ya shati. Mimi ananiita shangazi. Anakaa kitandani, redio imefunguliwa mpaka mwisho, anataja saa za mabasi ya zamani, maana unakumbuka alikuwa karani wa ratiba pale kituo kikuu: namba nne saa kumi na mbili na robo, namba saba saa moja kasoro robo. Hizo hakosei hata moja. Majirani wananisifu. "Una moyo wewe, Mungu atakulipa." Naitikia amina, naendelea kupiga pasi.

Wewe unajua nimempokea kwa nini. Hatujawahi kuliandika jambo hili, na kwenye simu kila tukiligusa tunaishia kupigiana kelele, ndiyo maana tumerudi kwenye barua. Basi leo naliandika lote.

Mama alipoanza kusahau, alisahau kwamba baba amekufa. Jioni ikifika anauliza, "Baba watoto mbona hajarudi?" Wewe na mimi tulikubaliana tumjibu kwamba yuko kazini, atachelewa, naye anatulia. Lakini baba mdogo, aliyehamia kwetu eti kututunza, aligeuza ule ugonjwa kuwa mchezo wa kuchekesha wageni. "Shemeji, mumeo yuko wapi?" "Yuko kazini, shemeji." "Alikufa, shemeji! Tulimzika!" Mama analia kilio cha mtu aliyeletewa habari sasa hivi. Wageni wanatazama chini, yeye anawakonyeza. Akishasahau, anaulizwa tena. Mimi nilimzika baba mara moja. Mama alimzika mara ngapi, sijui.

Na jioni ile, wewe uko chuoni, mimi niko zamu kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, baba mdogo alichoka na swali la mama akamwambia, "Mumeo anakusubiri kituoni." Jirani wa geti la kijani alimsikia kwa masikio yake kabla mvua haijamwingiza ndani. Mtu aliyepanga ratiba za mabasi alijua basi la mwisho limeshapita. Mama akavaa viatu vyeusi vya sherehe, akaenda. Asubuhi alikutwa kwenye benchi la kituo, ameloa, amekufa. Na kaburini baba mdogo akasimama mbele ya watu akasema, "Alitoka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimelala."

Sasa anasahau. Umeuona ujanja? Anatoroka. Kila siku anazidi kwenda, na deni letu analiacha bila jibu.

Nimesikia kwenye hiyo hiyo redio yake habari za dawa mnayoijaribu huko maabara kwenu, ya kuzuia sijui nini kinachounguza ubongo wa wazee, na kwamba hospitali kuu ya hapa ni kituo kimojawapo. Nataka aingie. Nataka apone, mdogo wangu, apone kabisa, akumbuke, na mimi niwe nimeketi mbele yake anapokumbuka.

Dada yako

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku sote wazima. Wifi yako amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo siku hizi mimi ndiye ninayesuka nywele za mtoto, na shule nzima imeshajua. Lile jino alilituma kwa sababu uliwahi kumwambia kwamba unakusanya vitu vya thamani.

Barua yako niliisoma ndani ya chumba cha majokofu, kwa kuwa pale mtu akitokwa na machozi watu husema ni baridi.

Nianze na dawa. Ndani ya ubongo kuna seli ambazo kazi yake ni ulinzi na usafi. Mtu akizeeka, baadhi ya walinzi hao hawatulii. Mwizi ameshaondoka, wao bado wanapiga makelele na kuwasha moto, na moto huo unaunguza wenye nyumba. Kuna kimeng'enya kinachowachochea, yaani kitu kidogo ambacho mwili hukitengeneza ili kuharakisha kazi, kama hamira kwenye unga. Dawa yetu inakishika kimeng'enya hicho ili walinzi watulie. Lakini sikiliza vizuri. Haifufui kilichokwisha kuungua. Tukibahatika, inashika kilichobaki. Na bado hatuna hakika, ndiyo maana yanaitwa majaribio.

Tena, nusu ya wagonjwa wanapewa dawa, na nusu wanapewa kidonge kinachofanana nayo kwa kila kitu lakini hakina kitu. Sisi tunakiita chaki. Kompyuta ndiyo inayopiga kura. Mgonjwa hajui amepata nini, daktari hajui, mimi sijui, mpaka mwisho.

Hayo ni ya kazini. Ya kwangu ni haya: sitaki. Wewe unataka akumbuke, mimi nataka asahau. Nataka asahau jina lake. Asahau mlango wa choo uko wapi. Aulize mkewe yuko wapi na asipate wa kumdanganya kwa wema. Aonje alichoonja mama mpaka tone la mwisho. Miaka yote niliyosoma, nilisoma kwa ajili ya mama, na nilichelewa. Halafu leo matunda yake ale huyu? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwache naye aujue uchungu wake.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nywele za mtoto nimeziona kwenye picha. Tafadhali mrudishie mama yake kazi hiyo.

Nimempeleka na amepokelewa.

Asahau, unasema. Wewe uko mbali, huoni. Kusahau kwake si adhabu hata kidogo. Anakula, anacheka na redio, analala fofofo. Mama alilia kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwambia. Huyu hana wa kumwambia lolote, anastarehe.

Nesi wa majaribio ni binti mpole, viatu vyake havitoi sauti. Alimwonyesha mzee picha ya saa, ya kufuli na ya jogoo. Wakaongea kidogo habari za mvua, kisha akamuuliza zilikuwa picha gani. Mzee akafikiri, akasema, "Basi namba nne." Baadaye nikaulizwa mimi, maana utaratibu wao unataka jamaa anayeishi na mgonjwa aulizwe naye: amesahau nini, amekumbuka nini, analala vipi. Nikamwahidi kwamba sitakosa hata siku moja. Akanishika mkono akasema laiti kila mgonjwa angekuwa na ndugu kama mimi.

Ni kidonge cheupe, asubuhi na jioni, baada ya chakula. Cha kwanza nimempa kwa mkono wangu. Dawa ya moto ni moto. Na hao walinzi wako wanaopiga makelele mwizi akiwa ameshaondoka, kama ulikuwa unanisema mimi kwa mafumbo, jua kwamba mwizi hajaondoka. Yuko chumba cha pili, anaomba chai.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Mguu vipi? Weka kigoda chini ya meza ya pasi, uwe unaupumzisha mmoja baada ya mwingine. Wifi yako anasema hivyo, na yeye hakosei, muulize mwenyewe.

Nimemwambia mkuu wangu kwamba mmoja wa wagonjwa wa kituo chenu ni baba yangu mdogo, maana kuficha jambo kama hilo ni kufukuzwa. Akanitazama kwa huruma. "Pole sana. Tutamtunza kama wetu." Nikasema asante. Basi nimeondolewa kwenye meza ya damu, sampuli za hospitali yenu anazipima mwenzangu, na mimi nimekabidhiwa majokofu. Natoa barafu kwa sululu ndogo kama mchimba madini.

Kwa hiyo usiniulize kama ni dawa au chaki. Sijui, na sitajua. Lakini kwa kuwa wewe uliamua bila kunisikiliza, nami nina haki ya kuomba dua yangu. Kila nikipita mlango wa stoo ya vidonge, naomba iwe chaki. Chaki tupu, asubuhi na jioni.

Mpe salamu zangu. La, usimpe.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Kigoda nimekiweka, na mwambie wifi kwamba kweli hakosei. Jirani wa geti la kijani amepasuliwa jicho, sasa anaona vizuri mno, jana kaniambia pazia langu lina doa, mimi mwenye duka la kufua!

Dua yako imepita pembeni. Ni dawa.

Usibishe kwanza, sikiliza. Siku hizi haniiti tena shangazi, ananiita binti wa kaka. Shati anavaa moja. Na asubuhi namkalisha mezani, namwekea kidonge kwenye kisosi, na akikiona tu midomo inaanza kumtetemeka. Halafu analia. Analia kilio cha mtu aliyeletewa habari sasa hivi. Kuna siku alinikamata mkono akasema, "Hiki ndicho kinachoniliza. Usinipe." Nikamwambia kinywe. Wiki iliyopita nilikuwa natenga nguo zake za kufua, nikavikuta vidonge ndani ya soksi, vimeyeyuka nusu. Kumbe anavificha mashavuni. Sasa namfungulia mdomo na kuangalia chini ya ulimi kama askari wa mpakani.

Unaona? Anaikimbia dawa kwa sababu dawa inamrudisha. Nesi nilimwambia mzee ameanza kukumbuka, akafurahi, akaandika. Nilirudi nyumbani nikala chakula chote kilichokuwa mezani, nikalamba na sahani. Sijawahi kula hivyo tangu mama afe.

Dada yako

28 Mei

Dada,

Shikamoo. Wote wazima.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na mara moja nilimsomea wifi yako, naye akanyamaza, ambalo si jambo la kawaida. Sijui dawa yoyote ya ubongo inayomliza mtu asubuhi mezani na mchana ikamwacha acheke na redio.

Nina swali moja. Nijibu hilo kabla ya habari nyingine zote. Asubuhi, kabla ya kidonge, unamwambia nini?

Mdogo wako

30 Julai

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mashine kubwa ilikufa kabisa, safari hii kifo cha kweli, tukafua kwa mikono mashuka ya hosteli nzima. Vidole vyangu vilikuwa havishiki kalamu. Mtoto nimesikia amekuwa wa tatu darasani. Mwambie shangazi yake anajivuna mtaa mzima.

Nakuandikia jambo ambalo tumelisubiri tangu siku ile kaburini. Limetimia.

Binti yake alikuja likizo. Nikamwalika Jumapili, nikamwalika na jirani wa geti la kijani, nikapika vizuri na kutandika kitambaa cheupe nilichokipiga pasi mwenyewe. Nilikusudia kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Tulipomaliza kula nikamwambia mzee, "Baba mdogo, waambie."

Akainuka. Akashika ukingo wa meza, akasema kwa sauti, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele:

"Nilimwambia mumewe anamsubiri kituoni. Nilijua basi la mwisho limeshapita. Akavaa viatu vyeusi vya sherehe, akaenda. Mvua ikanyesha. Nikasema kaburini kwamba nilikuwa nimelala. Nilimwua mama yetu."

Jirani akapiga meza. "Nilisema mimi! Si nilisema? Mkaniita mmbea!"

Binti yake akasukuma kiti nyuma. "Baba, unasema nini?"

"Nasema nilichofanya," akajibu mzee.

"Dada, ana akili huyu? Mgonjwa huyu!"

"Yuko kwenye dawa," nikamwambia. "Anapona. Muulize nesi."

Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, na mpaka leo hajapiga simu. Jirani alilia, nikampa leso. Mimi sikulia. Nilikaa nikimtazama mzee usoni kwa raha zangu zote, jasho linamtoka, macho yamemtoka, na nilipogeuka nikajiona kwenye kioo cha kabati nikiwa natabasamu. Malipo ni hapa hapa duniani.

Halafu akanigeukia akaniuliza, "Nimesema vizuri?" Wazee bwana.

Dada yako

19 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mtoto anashukuru, anasema mwakani atakuwa wa kwanza ili ujivune mtaa wa pili pia.

Nilitaka kufurahi. Barua yako ilipofika nilitoka kazini mapema, nikakaa kwenye benchi nje ya jengo letu, nikaifungua kama mtu anayefungua zawadi. Nilipofika kwenye maneno ya mzee nilisimama, nikayarudia, nikayarudia tena. Tangu siku hiyo nimeanza barua nyingi za kukujibu nikazichana.

"Nilimwua mama yetu." Kwa nini aseme hivyo? Mama hakuwa mama yake. Alimwita shemeji maisha yake yote, hata alipomtesa alimtesa kwa jina hilo. "Mama yetu" ni wangu na wako. Basi la mwisho limeshapita, viatu vyeusi vya sherehe, hayo ni maneno ya barua yako ya Januari, kwa mpangilio ule ule. Halafu akauliza kama amesema vizuri.

Hakukumbuka huyo, dada. Amekaririshwa. Swali langu la Mei hukulijibu, sasa nitakujibia mimi. Kila asubuhi unamkalisha mbele ya kisosi na kumwambia alichomfanyia mama. Analia. Anasahau. Kesho yake unamwambia upya. Kidonge anakiogopa kwa sababu kinakuja pamoja na sauti yako.

Mimi ndiye niliyetaka aonje mpaka tone la mwisho, kwa hiyo sina pa kusimama nikuhukumu. Ila mchezo huo naujua. Niliuona sebuleni kwetu, na mwenye kuucheza alikuwa anakonyeza wageni.

Mdogo wako

24 Novemba

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu, na sikulaumu. Wifi yako aliniambia nilifunga bahasha ile nikiwa na hasira. Kwa mara nyingine hakukosea.

Nakuandikia kwa sababu nesi atakuita na ningependa ulisikie kwangu kwanza. Majaribio yamekwisha na kura imefunguliwa. Dawa imefanya kazi, si kwa kishindo, lakini imefanya. Waliokunywa wamepoteza kumbukumbu polepole zaidi kuliko wasiokunywa. Hakuna aliyerudishiwa kilichokwisha kupotea. Wenzangu walikumbatiana. Mkuu wangu alicheza.

Baba mdogo alikuwa kwenye chaki. Tangu kidonge cha kwanza.

Dua yangu ilijibiwa, na nilipoambiwa nilikwenda kukaa kwenye chumba cha majokofu, na haikuwa kwa furaha.

Sasa waliokuwa kwenye chaki wanaruhusiwa kupewa dawa yenyewe, jamaa anayemtunza mgonjwa akikubali. Jamaa huyo ni wewe. Nilianza mwaka huu na maneno mengi kuhusu nini kinamstahili, yote yameniishia. Ukikataa nitakuelewa. Ukikubali nitakuelewa vile vile. Niandikie tu.

Mdogo wako

12 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba, ya barua zote ambazo sikuzijibu. Mguu umepata nafuu. Mashine mpya imefika, haingurumi, mpaka naitazama kuhakikisha kwamba inazunguka. Mbusu mtoto, na wifi mwambie nimemkumbuka, hata ule ukimya wake wa Mei.

Ulichoandika Septemba ni kweli na nilikuchukia kwa kukiandika. Nilikuwa namwambia kila asubuhi. Niliacha barua yako ilipofika. Usidhani nilimhurumia. Niliacha kwa sababu nilipofungua mdomo kesho yake nilisikia sauti yangu, na ilikuwa ya kwake.

Tangu hapo naongozana naye dukani ili asipotee. Anakaa nyuma, karibu na boila la maji ya moto, anakunja vitambaa vya mezani vya hoteli. Anakunja vizuri, siwezi kusema uongo. Kidonge alikuwa anakinywa bila kelele, nami nikawa naamini dawa imeishiwa nguvu. Kumbe haikuwahi kuwepo.

Wiki iliyopita ilinyesha mvua kubwa, nikafunga mlango wa duka maji yasiingie. Mteja mmoja alikuwa amesahau koti lake, akarudi kulifuata, akawa anabisha. "Hodi! Hodi humo!" Nilikuwa napiga pasi shati, nikamwambia mzee, "Baba mdogo, nifungulie."

Akaacha kukunja. "Usifungue."

"Kwa nini? Ni mteja."

"Ni shemeji. Amerudi."

Sikusema neno, mdogo wangu. Nakuapia sikumwambia neno.

"Anasema hakumkuta," akaendelea, akiutazama mlango. "Anasema kituo kizima hakuna mtu. Anabisha sana huyu. Anaita jina langu." Akanyoosha mkono hewani, akazungusha vidole taratibu, kama mtu anayeongeza sauti ya redio. Akatulia, akasikiliza. "Haya. Ameacha."

Shati liliungua. Shati la mtu, jeupe, lina alama ya pasi mgongoni, na mteja wa koti nje anabisha na mimi nimesimama tu.

Hakuna aliyelijua hilo. Jirani usiku ule alikuwa ameshaingia ndani. Sikulijua mimi, kwa hiyo sikuweza kumkaririsha. Miaka yote tumesema mama alipotea, ugonjwa ulimpoteza. Mama hakupotea. Alikwenda kituoni, hakumkuta baba, akaikumbuka njia ya nyumbani gizani na mvua inanyesha, akafika mpaka mlangoni kwake akabisha. Alipokosa kufunguliwa akarudi kule alikoambiwa kwamba kuna mtu anamsubiri.

Mzee alikunja vitambaa viwili vitatu, akaniomba chai. Kesho yake nilimuuliza, "Baba mdogo, jana nani alibisha hodi?" Akafikiri. "Si wateja wako?" Akacheka.

Unaona alichonifanyia? Ameniwekea lile jambo mikononi na yeye ameondoka. Sasa ni mimi ninayelala nikisikia mtu anabisha. Wewe nawe utasikia kuanzia leo, unisamehe, sikuweza kulibeba peke yangu.

Basi jibu langu ni ndiyo. Nimeshamwambia nesi, akanishika tena mkono. Apewe dawa yenyewe, si chaki. Na usije ukawaambia watu kwamba nimesamehe. Umesema dawa hairudishi kilichopotea, inashika kilichobaki. Hili bado limebaki mahali fulani ndani yake, nimeliona kwa macho yangu likitoka. Ishikeni hiyo, hodi ya mama, isimtoke. Si yangu, ni yake, nataka akae nayo mwenyewe mpaka siku yake ya mwisho bila mimi kumwambia chochote. Himizeni watu wa stoo walete haraka, kabla nayo haijaungua.

Mimi kwa upande wangu nimeshaanza. Redio nimeitoa chumbani kwake. Alale akiusikiliza mlango.

Dada yako